Isome Ardhi Unayoikanyaga: Mwongozo Kamili wa Matabaka ya Dunia na Nguvu za Ndani, Kupitia Bonde la Ufa

Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiulizwa matabaka ya dunia huyataja bila kusita: ganda, koti, kiini. Mpeleke ukingoni mwa Bonde la Ufa, muulize ukuta ule umetokeaje, na mara nyingi atanyamaza. Si kosa lake. Vitabu vingi huanzia katikati ya dunia, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kufika, kisha hupanda juu taratibu; kufika kwenye milima na maziwa, muhula umeisha.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuelewa, awe mwanafunzi, mwalimu, mwongoza watalii au msafiri tu anayechungulia dirishani mwa basi. Unahitaji kamba, rula, ndimu moja na simu yenye ramani ya setilaiti. Na unahitaji maswali matatu, ambayo utayauliza kila unapokutana na mlima, bonde, ziwa au jiwe. Hiki kimetoka tabaka gani? Nguvu gani imekifikisha hapa: kuvutwa, kubanwa, au kusukumwa na magma, yaani mwamba ulioyeyuka, kutoka chini? Na kipi kilitangulia kingine? Swali la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo linalofungua mengi.

Hatua ya kwanza: Chora dunia uani

Tafuta mahali penye mchanga. Kipimo ni sentimita 1 kwa kilomita 100. Kutoka katikati ya dunia hadi usoni ni kilomita 6,371, kwa hiyo chomeka kijiti, funga kamba ya sentimita 64, uzungushe duara. Mstari huo ndio uso wa dunia: Mombasa, Kigoma, Goma na bahari zote ziko hapo juu.

Pima sentimita 29 kutoka kwenye mstari kwenda ndani, uchore duara la pili. Hapo ndipo koti linapokomea, kina cha kilomita 2,900 hivi. Duara la tatu lichore sentimita 12 kutoka kwenye kijiti. Hicho ni kiini cha ndani. Kati ya duara la pili na la tatu ni kiini cha nje, chuma na nikeli vilivyoyeyuka, ambavyo mzunguko wake ndio unaoipa dunia nguvu ya sumaku inayoelekeza dira. Kiini cha ndani nacho ni chuma na nikeli, tena chenye joto linalozidi nyuzi 5,000 za Selsiasi, lakini ni kigumu, kwa kuwa uzito wa kila kilicho juu yake unakikandamiza kiasi kwamba hakiwezi kuyeyuka.

Sasa jaribu kuchora ganda. Chini ya mabara lina unene wa kilomita 30 hadi 50 kwa kawaida, yaani milimita 3 hadi 5 kwenye mchoro wako. Chini ya bahari ni kilomita 7 hivi, haifiki hata milimita moja. Kijiti unachochorea ni kinene kuliko hapo. Kilimanjaro yote, mita 5,895, ni kama milimita 0.6. Shimo la Kola kaskazini mwa Urusi, lililoanza kuchimbwa mwaka 1970 na kufikia kina cha mita 12,262 mwaka 1989, ni milimita moja na ushei. Binadamu hajawahi kutoboa ganda la bara akatokea upande wa pili.

Kabla hujafuta mchoro, ongeza mstari mmoja sentimita 1 kutoka juu. Huo ni wastani wa litosfia, yaani ganda pamoja na kipande kigumu cha juu cha koti, jumla kilomita 100 hivi. Litosfia ndiyo iliyokatika vipande tunavyoviita mabamba. Chini yake ipo asthenosfia, mwamba uliopata joto hadi ukalainika, unaojongea polepole. Watu wengi hudhani bamba ni ganda peke yake, kisha hawaelewi kwa nini mabara husafiri. Bamba hubeba ganda mgongoni.

Futa pia wazo kwamba koti ni bahari ya moto. Koti ni mwamba mgumu, ila kwa mamilioni ya miaka hutiririka sentimita chache kwa mwaka. Magma hupatikana sehemu chache tu, pale mwamba wa koti la juu au wa ganda unapoyeyuka kidogo: mgandamizo ukipungua, maji yakiingia, au joto likizidi. Hakuna volkano inayochota lava yake kwenye kiini.

Hatua ya pili: Jua tulijuaje

Hii iwe fupi, lakini usiiruke, maana bila hiyo namba za hatua ya kwanza zinabaki kuwa imani tu.

Tetemeko likitokea hutoa mawimbi ya aina mbili yanayopita ndani ya dunia. Ya kwanza, mawimbi P, husukuma na kuvuta kuelekea yanakokwenda. Panga wanafunzi sita kwenye foleni, kila mmoja ameshika mabega ya aliye mbele, msukume kidogo wa mwisho: msukumo unafika mbele ingawa hakuna aliyehama. Ya pili, mawimbi S, hutikisa kwa upande, kama unavyotikisa kamba ya kuanikia nguo. Mawimbi P hupita kwenye kigumu na kwenye kimiminika. Mawimbi S hayapiti kwenye kimiminika, kwa sababu maji hayana ukakamavu wa kuyarudisha pale yalipotoka.

Andrija Mohorovičić alichunguza tetemeko la mwaka 1909 karibu na Zagreb, akaona mawimbi yanaongeza kasi ghafla baada ya kina cha makumi ya kilomita. Huo ndio mpaka wa ganda na koti, na mpaka leo unaitwa Moho kwa jina lake. Baadaye ikaonekana upande wa pili wa dunia haupokei mawimbi S kabisa. Kuna kimiminika njiani, yaani kiini cha nje. Mwaka 1936 Inge Lehmann wa Denmaki, akitumia kumbukumbu za tetemeko la New Zealand la 1929, akaonyesha kwamba katikati ya kimiminika hicho kuna kitu kingine kinachoyarudisha mawimbi. Kiini cha ndani kilipatikana kwa karatasi na penseli.

Hesabu moja unaweza kuifanya mwenyewe. Tetemeko likipita, mshtuko wa kwanza mdogo ni wa mawimbi P na ule mkali unaofuata ni wa S. Hesabu sekunde kati yake, zidisha kwa 8, utapata takriban kilomita hadi kwenye chanzo. Sekunde 10, kilomita 80.

Hatua ya tatu: Shika vipande vya ndani

Hapa Tanzania ina bahati isiyosemwa vya kutosha. Matabaka ambayo hakuna anayeweza kuyafikia yametuletea sampuli.

Nenda Mwadui, Shinyanga. Mgodi wa almasi ambao John Williamson aliugundua mwaka 1940 ni mdomo wa bomba la kimbalaiti, mwamba uliofyatuka kutoka chini kabisa ya litosfia. Almasi hujitengeneza kwenye koti, kina kinachozidi kilomita 150 hivi, kisha magma ikaibeba juu kwa kasi kabla haijapata nafasi ya kugeuka grafiti. Mtu anayevaa almasi ya Mwadui kidoleni amevaa kipande cha koti.

Karibu na Monduli, Arusha, kuna kilima cha volkano kiitwacho Lashaine. Lava yake imebeba vipande vya mwamba wa kijani kibichi, peridotaiti, uliojaa madini ya olivini. Ule kijani ndio sura halisi ya koti la juu: tunalichora jekundu kwenye vitabu, kumbe likipoa lina rangi ya zeituni. Kenya nako, kwenye vilima vya Chyulu, vipande vya namna hiyo hupatikana ndani ya lava.

Kiini hakiwezi kutuletea chochote. Lakini mkoani Songwe lipo jiwe la Mbozi, kimondo cha tani 16 hivi, takriban asilimia 90 chuma na kinachobaki zaidi ni nikeli. Vimondo vya chuma vinaaminika kuwa mabaki ya viini vya magimba madogo ya angani yaliyovunjika. Ndani yake chuma kilizama katikati kwa sababu ni kizito, kama kilivyozama ndani ya dunia yetu. Ukifika pale, jaribu kukiinamia kimondo kile huku ukikumbuka mchoro wako wa mchangani: duara lote la pili limejaa kitu cha jamii hiyo.

Ganda ndilo rahisi. Mawe makubwa yanayokaa juu ya mengine ziwani Mwanza, likiwamo lile la Bismarck, ni graniti ya ganda la kale, sehemu ya kipande cha bara chenye umri unaozidi miaka bilioni 2.5. Kikumbuke kipande hicho, kinarudi kwenye hatua ya tano.

Hatua ya nne: Tafuta joto linatoka wapi

Nguvu za ndani ni joto linalotafuta njia ya kutoka. Sehemu yake ni joto la tangu dunia ilipojikusanya, na sehemu nyingine huzalishwa hadi leo na madini yenye mnunurisho: urani, thoriamu na aina mojawapo ya potasiamu. Mwamba uliopata joto hupanua, unakuwa mwepesi, unapanda, uliopoa unazama. Mzunguko huo ndani ya koti, pamoja na uzito wa mabamba ya baharini yanayozama na kuvuta yale yaliyo nyuma yake, ndio unaoyahamisha mabamba.

Namba zitakuonyesha vizuri zaidi. Sehemu nyingi za dunia, ukichimba, joto huongezeka nyuzi 25 hadi 30 kwa kila kilomita. Katika kilomita 3 ungetarajia kama nyuzi 100 na kitu. Sasa nenda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme wa jotoardhi tangu 1981. Visima vya huko, vya kilomita 2 hadi 3, hukutana na joto linalopita nyuzi 300. Tofauti hiyo inakwambia kwamba hapo magma iko karibu kuliko kawaida. Ukiona mvuke unafuka kandokando ya barabara ndani ya hifadhi ya Hell's Gate, unaona joto la ndani likitoka kwa njia ya mkato.

Hatua ya tano: Simama ukingoni mwa bonde

Hii ndiyo hatua ya kukaa nayo.

Afrika ya Mashariki inavutwa. Upande wa magharibi kuna bamba la Nubia, mashariki bamba la Somalia, na yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Ni kidogo mno, kucha hukua haraka kuliko hivyo. Lakini milimita 3 kwa mwaka ni kilomita 3 kwa miaka milioni moja, na kazi hii kwa Ethiopia na Turkana ina makumi ya mamilioni ya miaka.

Litosfia ikivutwa hufanya kama donge la chapati mikononi: kabla ya kukatika hukonda katikati. Chini ya Naivasha ganda lina unene wa kilomita 35 hivi. Kaskazini, chini ya Turkana, limekonda hadi kama kilomita 20. Sehemu ya juu ya ganda, kwa kuwa ni baridi na kavu, haikondi bali inapasuka. Mapande ya mwamba huteleza chini kwenye mipasuko, na uwanda uliozama kati yake ndio tunaouita bonde la ufa.

Sasa fanya hivi. Ukiwa unatoka Arusha kwenda Ngorongoro, simama Mto wa Mbu kabla barabara haijaanza kupanda. Tazama magharibi. Ukuta umesimama mamia ya mita, umejaa miti, na chini yake Ziwa Manyara limelala. Geuka, tazama mashariki utafute ukuta wa pili. Haupo. Ardhi inapanda polepole hadi ipotee kwenye upeo wa macho. Michoro ya vitabuni huonyesha kuta mbili zinazolingana, na wanafunzi wengi hufika Manyara wakadhani wamekosea mahali. Hawajakosea. Hapo pasuko kubwa liko upande mmoja tu, na sakafu ya bonde imeinama kuelekea kwenye pasuko hilo, kama mlango wa chini ya sakafu ulioachia bawaba moja. Ndiyo maana ziwa liko chini ya ukuta na haliko katikati ya bonde. Kuta mbili zinazotazamana utaziona vizuri zaidi Kenya: panda kwenye vituo vya kutazamia vya barabara ya kutoka Limuru kuteremkia Mai Mahiu, kwenye anga safi utaona Longonot katikati na ukingo wa Mau ng'ambo.

Ukiwa chini ya ukuta angalia mambo manne. Chemchemi zinazotoka mguuni mwake, kwani pasuko ni mfereji wa maji; msitu wa Manyara unaishi kwa maji hayo. Ngazi: mara nyingi ukuta si mmoja, bali mapande kadhaa yaliyoshuka kwa hatua. Safu za volkano, ambazo hupenda kujipanga kufuata mipasuko. Na magadi: maji yanayoingia bondeni hayana pa kutokea, jua linayakausha, chumvi za miamba ya volkano zinabaki. Natron na Magadi ni matokeo ya hayo.

Ukiwa na simu, sasa punguza ramani hadi uone Afrika ya Mashariki yote. Bonde la Ufa linashuka kutoka Ethiopia, na kusini ya Turkana utaona halinyooki: kuna mkono wa mashariki unaopita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, na mkono wa magharibi unaoanzia Ziwa Albert hadi Nyasa. Kwa nini imekuwa mikono miwili? Katikati yake kimekaa kile kipande cha kale cha Mwanza, chenye mzizi mnene na baridi. Ufa haukukipasua, umekizunguka kwa pande zote mbili. Sasa swali la tatu limelipa: cha miaka bilioni 2.5 ndicho kilichoamua njia ya cha juzi.

Hatua ya sita: Tofautisha milima

Kwetu milima mirefu imezaliwa kwa njia mbili kuu, na inatosha kuzitofautisha hizo kabla ya kuhangaika na nyingine.

Ya volkano huanza na nyenzo kutoka chini. Kilimanjaro ni volkano tatu zilizokua pamoja: Shira, ya zamani zaidi, iliyokwisha kubomoka, Mawenzi, iliyochongwa na mmomonyoko, na Kibo, ambayo haijafa, bado inatoa gesi kwenye kasoko yake. Meru, mita 4,562, iliripuka kidogo mara ya mwisho mwaka 1910, na ukiitazama kutoka Momella utaona ubavu wake wa mashariki haupo: ulianguka, na vilima vya tambarare ya chini ni kifusi chake. Mlima Kenya ni mfano wa kinyume. Batian, yenye mita 5,199, ni magma iliyogandia ndani ya koo la volkano, na koni iliyoizunguka imeliwa na barafu na mvua. Ngorongoro, nayo, ilikuwa mlima uliomwaga magma yake hadi paa likaporomoka. Lililobaki ni bakuli la upana wa kilomita 20 hivi na kina cha mita 600.

Ol Doinyo Lengai ina kipengele chake. Lava yake si ya silika kama nyingine, ni ya kaboneti ya sodiamu na ya kalsiamu, na ndiyo volkano pekee duniani inayojulikana kutoa lava ya aina hiyo siku hizi. Basalti hutoka ikiwa na nyuzi 1,100 au zaidi, lava ya Lengai hutoka na nyuzi 500 hadi 600 tu, nyepesi, nyeusi mchana, na baada ya siku chache ikikutana na unyevu hugeuka nyeupe. Mtu anayeona weupe kileleni kutoka Natron hudhani ni theluji.

Milima ya mapande ni kitu kingine kabisa. Usambara, Upare na Uluguru hazina lava hata chembe. Chukua jiwe la Lushoto uligeuze: utaona mistari ya nyeupe na nyeusi iliyojikunja, mwamba geu uliopikwa na kubanwa ndani kabisa ya ganda mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, ukanda uleule uliotoa tanzanaiti ya Mererani. Baadaye mipasuko ikapita kando yake, mapande yakabaki juu na tambarare zikashuka. Mwamba ni mkongwe, ila mlima kama mlima ni mdogo kiumri. Ruwenzori, mita 5,109, ni wa jamii hii: pande la miamba ya kale lililoinuliwa katikati ya mkono wa magharibi. Kila mwaka kuna mtu anaandika kwenye mtihani kwamba ni volkano kwa sababu ina theluji na iko karibu na volkano za Virunga.

Jaribio la mkononi ni hili. Jiwe lenye vitundu vya mapovu limetoka kwenye lava. Likielea majini, ni lile tunalosugulia miguu. Jiwe jeusi linalong'aa kama chupa na kukata vidole ni obsidiani, lipo kwa wingi kandokando ya Naivasha, na watu wa kale walitengenezea visu. Mistari iliyojikunja ni mwamba geu. Punje kubwa zilizoshikana, nyeupe, waridi na nyeusi, ni graniti. Dondoshea ndimu: likitoa povu, lina kaboneti, kama mawe ya matumbawe ya kuta za Lamu na Kilwa.

Milima ya mikunjo, ambayo vitabu huipa kurasa nyingi, huzaliwa mabamba yanapogongana, kama Himalaya, ambako India imejisukuma chini ya Asia. Kwetu hakuna iliyo changa. Mikunjo tuliyo nayo ni ile ya ndani ya mawe ya Usambara, mabaki ya mgongano wa zamani ambao milima yake imekwisha kusagika. Jifunze ya Himalaya kwa mtihani, lakini usiitafute Tanga.

Hatua ya saba: Soma maziwa kwenye ramani

Ziwa refu, jembamba na lenye kina ni la ufa. Tanganyika lina kina cha mita 1,470, na kwa kuwa uso wake uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, sakafu yake iko chini ya bahari kwa mita 700 hivi. Na chini ya sakafu hiyo kuna tope la kilomita kadhaa lililojazwa na mito. Bonde halisi lina kina zaidi kuliko unaloliona.

Victoria ni tofauti, na hapa ndipo wengi hupoteza alama. Ni kubwa lakini kina chake hakizidi mita 85. Mabega ya mkono wa magharibi yalipoinuka, mito iliyokuwa ikielekea magharibi, kama Katonga na Kafu, ilizuiwa ikarudi nyuma, na maji yakatuama katikati. Sogeza ramani hadi Ziwa Kyoga, Uganda. Umbo lake ni la matawi, kwa sababu ni mabonde ya mito yaliyozama. Ukikuza zaidi utaona matawi hayo yanaungana kuelekea magharibi, mwelekeo wa zamani, ingawa leo maji yanatoka kwingine.

Kivu nalo lilizibwa upande wa kaskazini na volkano za Virunga, sasa linamwagika kusini kwa Ruzizi hadi Tanganyika.

Hatua ya nane: Nyufa, matetemeko na tahadhari

Machi 2018, baada ya mvua kubwa, ardhi ilipasuka karibu na barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, na habari zikazunguka dunia kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu. Wanajiolojia wengi waliochunguza walisema ni maji yaliyosomba majivu laini ya volkano chini kwa chini hadi juu pakaporomoka. Ukikutana na ufa, angalia kama pande mbili zimepishana kwa kimo, kama unanyooka kwa kilomita nyingi bila kujali miteremko, na kama uliambatana na tetemeko. La sivyo, mshuku mvua kwanza.

Ufa wa kweli una sura nyingine. Tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la Subukia, Kenya, la ukubwa wa 6.9, liliacha mpasuko wa kilomita 38 hivi. Kule Afar, Ethiopia, mwezi Septemba 2005, magma ilijipenyeza kwenye ufa wa kilomita 60 na ardhi ikafunguka hadi mita 8 kwa wiki chache, kazi ambayo kwa mwendo wa kawaida ingechukua karne kadhaa. Julai 2007 karibu na Gelai, Tanzania, matetemeko yalisikika hadi Nairobi, la tarehe 17 likiwa la 5.9, miezi michache baadaye Lengai ikaanza kuripuka kwa nguvu. Na Kagera, tarehe 10 Septemba 2016, la 5.9 liliua watu zaidi ya kumi, wengi kwa kuangukiwa na kuta.

Kwa hiyo kama unajenga ndani ya ukanda huu, mwambie fundi aweke linta yenye nondo inayozunguka nyumba nzima, na usijenge kuta ndefu za matofali bila nguzo. Ardhi ikitikisika ukiwa ndani, ingia chini ya meza imara, jishikize, kaa mbali na vioo. Ukiwa nje, baki nje. Tikiso kali ukiwa ufukweni mwa ziwa, panda juu bila kusubiri. Ikitulia, funga mtungi wa gesi kabla ya kuwasha chochote, na andika saa, sekunde kati ya mishtuko miwili, na upande vitu vilikoangukia.

Jirani na Nyiragongo, volkano ya mashariki mwa Kongo, kuna la ziada. Mlima huo uliteremsha lava mwaka 1977, 2002 na 2021, na lava yake ni nyepesi mno. Ya 2002 ilipita katikati ya Goma. Lakini hata ukiwa umetulia, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka ardhini na kutuama kwenye vibonde, ambavyo wenyeji huviita mazuku. Haina rangi wala harufu, ni nzito kuliko hewa, na huwa mbaya zaidi usiku na alfajiri, kabla upepo haujaisogeza. Ukiona ndege au mbuzi amekufa kibondeni bila jeraha, usishuke kumtazama, wala usimtume mtoto, na usiiname kufunga kamba za viatu mahali hapo.